Mtoto karudi amelowa kutoka kituoni? Usigombe kwanza

Jioni moja nilikuta kiatu changu cha kazini kikiwa ndani ya ndoo ya maji. Pembeni ya ndoo alisimama mwanangu, wakati huo akiwa na miaka mitatu na nusu, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, macho yameganda kwenye kile kiatu.

“Mama, hakizami,” aliniambia.

Sikumsikia. Nilichokisikia kichwani ni bei ya kiatu, foleni niliyotoka kukaa na nguo nyingine ya kufua. Nilimgombeza, nikamwambia maji si ya kuchezea, nikamwaga maji na kumpeleka kulala.

Siku zilizofuata niligundua kitu ambacho mwanzoni kilinifurahisha, kisha kikaanza kunisumbua. Mtoto alikuwa ametulia. Hakugusa ndoo, hakufungua makabati, na yale maswali yake ya kuanzia asubuhi hadi usiku, ya kwa nini hiki na kwa nini kile, yalipungua. Majirani walimsifia kwamba sasa ana adabu.

Mimi naandika habari za afya. Nimekaa kwenye semina nyingi za malezi na makuzi ya mtoto na nimeandika mara kadhaa kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa na kujaribu. Lakini nyumbani kwangu nilikuwa nimemkataza mtoto kufanya jambo lilelile ninalowahimiza wazazi wengine waliruhusu.

Nikaamua kuanzia mahali anaposhinda siku nzima, yaani kituo cha kulelea watoto mchana.

Daftari linajazwa kwa ajili ya nani?

Kama wazazi wengi, nilichagua kituo kwa kutazama vitu vitatu: ukaribu na njia ninayopita kwenda kazini, ada, na madaftari. Niliambiwa kwamba hapo watoto wanaandika mapema, nikaridhika.

Siku hiyo nilipokwenda kumchukua nilifungua daftari lake na kulitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mistari sita ya herufi “a”, zimenyooka na kupendeza kuliko mkono wa mtoto wa miaka mitatu unavyoweza kuandika. Nikamuuliza mwalimu wake, kwa utani, nani hasa anayeandika.

Hakuficha. Alisema anamshika kila mtoto mkono, mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo inamaliza karibu asubuhi yote. Wengine wakati huo hukaa wakisubiri zamu, au huwashiwa televisheni.

“Mama, daftari likirudi tupu mzazi anasema hatufundishi,” aliniambia. “Wawili wameshahamishwa kwa sababu hiyo.”

Nilinyamaza, maana nilikumbuka kwamba wiki ya kwanza mimi pia nilimuuliza swali hilohilo: “Mbona leo hajaandika?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba madaftari mengi ya watoto wadogo yanajazwa kwa ajili yetu sisi wazazi. Mwalimu anajua mtoto anahitaji nini, ila anaogopa kupoteza wateja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini vituo havifanyi vitendo, tujiulize sisi tunadai nini tunapokwenda kuwachukua watoto.

Miongozo inasema nini

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza tangu awali. Nguzo hizo ndizo zilizobeba Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo Tanzania iliizindua Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane.

Kujifunza kunakozungumzwa humo si kukaa kimya na penseli. Ni kucheza, kuongea, kushika vitu na kuwa na mtu mzima anayejibu pale mtoto anapomwonyesha jambo.

WHO ilitoa mwongozo mwingine mwaka 2019 kuhusu mwili wa mtoto wa chini ya miaka mitano. Unashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na wale wa miaka miwili hadi minne wasitazame skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Ukipima asubuhi ya kusubiri zamu ya kuandika “a” kwa vipimo hivyo, utaona kwamba suala hili linagusa afya ya mtoto pia.

Sayansi bila maabara

Neno sayansi linatutisha wengi. Tunakumbuka maabara, vimiminika vya rangi na mtihani wa kidato cha nne. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, sayansi ni mambo manne tu: kutazama, kubashiri, kujaribu na kusema alichokiona. Mwanangu na kile kiatu alikuwa ameshafanya yote manne kabla sijaingia mlangoni.

Maria Montessori, ambaye mbinu zake zinatumika katika shule nyingi za awali duniani, hapa nchini zikiwemo, alikuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Roma, Italia. Aliwapa watoto vitu vya kushika, kumimina, kupanga na kusafisha, kisha akakaa pembeni kuwatazama. Kwake, mikono ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia akili ya mtoto.

Kituo kidogo cha mtaani kinaweza kuanza na vitu vilivyo jikoni. Nilikaa na yule mwalimu Jumamosi moja tukapanga shughuli tano. Nyingine tulizijaribu kituoni, nyingine nikazijaribu nyumbani. Hizi hapa.

1. Kinachoelea na kinachozama

Unahitaji beseni la maji na vitu vya kawaida: kizibo cha soda, kijiko, jiwe, kipande cha kuni, jani, sarafu kubwa na chungwa.

Kabla kitu hakijaingia majini, kila mtoto aseme anadhani kitaelea au kitazama. Hapa ndipo penye utamu. Wengi watasema kikubwa kitazama na kidogo kitaelea. Acha wajaribu. Kipande kikubwa cha kuni kitaelea, sarafu itakwenda chini.

Chungwa liweke mwisho. Likiwa na ganda lake, litaelea. Kisha limenye na ulirudishe majini. Angalizo: sisi tumezoea kumenya chungwa kwa kisu na kuacha ile nyama nyeupe. Kwa jaribio hili ondoa hata ile nyeupe yote, kwa kuwa ndiyo iliyobeba vijishimo vingi vya hewa. Chungwa lililovuliwa vyote kwa kawaida huzama, ingawa limekuwa jepesi kuliko mwanzo.

Kituoni tulipofanya hivi, watoto walipiga kelele kama wamefunga goli. Mmoja alitaka tulivike chungwa ganda lake tena. Tukalivika, na likaelea kwa muda kabla ganda halijafunguka.

Hakuna haja ya kuwaambia watoto hawa neno “msongamano”. Inatosha waseme kwamba ganda lina hewa, na hewa inasaidia kuelea, kama boya.

2. Harage gizani na harage dirishani

Chukua glasi mbili zinazoonyesha ndani, pamba na maharage machache. Loweka maharage usiku mmoja. Kesho yake weka pamba iliyoloa ndani ya glasi, kisha chomeka maharage kati ya pamba na ukuta wa glasi ili watoto wayaone. Glasi moja ikae dirishani, nyingine ndani ya kabati lenye giza.

Tumia maharage ya kula. Mbegu za duka la pembejeo, hasa zile zenye rangi ya waridi au bluu, zimepakwa dawa na hazifai kushikwa na watoto.

Katika joto la Pwani, mzizi huanza kuchungulia baada ya siku mbili hadi nne. Walioko Njombe, Makete au Lushoto wavumilie zaidi, baridi huchelewesha. Kila asubuhi watoto watazame na kuchora. Mchoro wa mtoto wa miaka minne utakuwa duara lenye mkia, na hiyo inatosha kabisa.

Waulize mche upi utakuwa mrefu. Karibu wote watasema wa dirishani, na wazazi nao watasema hivyo. Baada ya wiki moja hivi, wa gizani mara nyingi huwa mrefu zaidi, lakini umepauka, mwembamba na hauwezi kusimama. Unarefuka kwa kutumia akiba iliyomo kwenye harage huku ukitafuta mwanga. Akiba ikiisha bila mwanga kupatikana, unakufa.

Kuna nyongeza ndogo ambayo watoto wakubwa kidogo huipenda. Mzizi ukishatoka na kuelekea chini, laza glasi kwa ubavu kwa siku moja au mbili. Mzizi utapinda na kuelekea chini tena. Waulize nani amewaambia mizizi chini ni wapi.

3. Kivuli changu kinakwenda wapi?

Hii haina gharama yoyote. Asubuhi kwenye saa mbili, mtoto asimame uwanjani na mwenzake achore kivuli chake kwa choki, au kwa kijiti kama ni udongo. Alama ya miguu ibaki. Warudi saa sita na nusu mchana, kisha saa kumi jioni, asimame palepale.

Asubuhi kivuli ni kirefu na kimelala upande wa magharibi. Mchana kimefupika. Jioni kimerefuka tena, safari hii upande wa mashariki. Mtoto mdogo atadhani kivuli kimekimbia. Muulize jua liko wapi sasa, na mwache anyooshe kidole mwenyewe. Mfundishe kutolitazama jua moja kwa moja.

Walioko Dar es Salaam wana bahati. Mwanzoni mwa Machi na kwenye siku za kumi za Oktoba, jua la mchana hupita karibu juu kabisa ya utosi, na kivuli cha mtu aliyesimama karibu kinapotelea chini ya miguu yake. Weka alama kwenye kalenda. Mchana usichukue zaidi ya dakika chache, na watoto wanywe maji wakirudi ndani.

4. Kwa nini sabuni?

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi kama mwandishi wa afya. Mpake kila mtoto tone la mafuta ya kula viganjani, kisha nyunyiza mdalasini wa unga kidogo. Huo ndio uchafu wetu. Kundi la kwanza linawe kwa maji matupu. Kundi la pili linawe kwa maji na sabuni, likisugua vizuri kwa angalau sekunde 20.

Wa kundi la kwanza watarudi na mikono ya kahawia. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo maji yanapita juu na kuuacha mdalasini umeshika palepale. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, ndiyo maana inaubeba uchafu na kuondoka nao.

Nimehudhuria kampeni nyingi za kunawa mikono zenye fulana na mabango. Sijaona iliyomshawishi mwanangu kama viganja vyake mwenyewe vyenye mdalasini usiotoka. Siku hizi ananishtaki nikinawa kwa haraka.

Kwenye somo hilohilo unaweza kuongeza manjano. Kila aliyewahi kumwagia mchuzi wa bizari kwenye nguo nyeupe anajua: ukipaka sabuni ya mche, doa la njano linageuka jekundu. Paka manjano yaliyolowekwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe, gusisha sabuni, watoto waone. Kisha dondoshea limao, na rangi ya njano itarudi. Limao lishikwe na mtu mzima, lisiingie machoni.

5. Nani amepewa juisi nyingi?

Chukua glasi mbili zinazofanana, weka juisi au maji kiasi kilekile, na mtoto akubali kwamba ziko sawa. Mbele ya macho yake, mimina glasi moja kwenye chombo chembamba na kirefu. Muulize sasa ipi ina nyingi.

Mtoto wa miaka minne au mitano kwa kawaida ataonyesha ile ndefu, ingawa ameona kila kitu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilifanya jaribio hili kuwa maarufu. Aliona kwamba watoto wengi huanza kuelewa kuwa kiasi hakibadiliki wakiwa na miaka kama sita au saba.

Usimsahihishe wala kumcheka. Mpe vyombo amimine mwenyewe mara nyingi kadiri anavyotaka, hata kwa wiki nzima. Na ukiwa na watoto wawili wanaogombana kila siku kuhusu nani amepewa juisi nyingi, sasa unajua ugomvi unatoka wapi. Nunua vikombe vinavyofanana.

Maneno matatu ya mtu mzima

Vifaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mdomo wa mlezi. Shughuli hizi zote zinaweza kuharibika dakika ya kwanza endapo mtu mzima atasema, “Leo nitawaonyesha kwamba chungwa lisilo na ganda linazama.” Hapo hakuna cha kugundua tena.

Maneno matatu yanatosha: “Unaona nini?” “Unadhani itakuwaje?” “Tujaribu?”

Kisha subiri. Kusubiri ndilo jambo gumu kuliko yote. Sisi watu wazima tunauliza na kujibu wenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Jaribu kuhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Utashangaa yatakayotoka.

Akikosea, usiseme “hapana”. Sema “twende tukaone”. Na usipojua jibu, sema hujui. Mtoto anayemwona mwalimu wake akisema “sijui, tutafute” anajifunza kwamba kutojua si aibu.

Tumia lugha anayoielewa. Mtoto anayefikiria kwa Kiswahili aulizwe kwa Kiswahili. Jina la Kiingereza la harage atalipata baadaye, wala halitaozesha mmea.

Watoto 20, walezi wawili

Mwalimu aliniuliza swali la haki: ataweza vipi peke yake na kundi lote? Hawezi, na hatakiwi. Tulikubaliana kwamba watoto watano au sita ndio wawe kwenye beseni kwa wakati mmoja, dakika 15 hivi, huku wengine wakiwa na mlezi wa pili kwenye nyimbo au michezo ya uwanjani. Zikiisha, wanabadilishana.

Kama mlezi yuko mmoja tu, achague shughuli zisizo na maji, kama kivuli au harage, ambazo kundi zima linaweza kufanya uwanjani au kutazama kwa pamoja.

Mara moja kwa wiki inatosha kuanzia. Kituo kilichagua Ijumaa, na sisi wazazi tukaambiwa siku hiyo tumvalishe mtoto nguo isiyo na shida ikilowa na tuweke nyingine kwenye begi.

Usalama kwanza

Kujaribu si kuachiwa holela. Haya yazingatiwe nyumbani na kituoni:

• Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, na mara nyingi bila kelele. Mlezi asiondoke kwenye beseni hata kupokea simu. Shughuli ikiisha, maji yamwagwe papo hapo.

• Maji yasibaki kwenye vyombo. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba. Kwenye glasi ya harage, pamba iwe na unyevu tu.

• Maharage, karanga, vizibo na sarafu havifai kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, maana wanaweza kupaliwa. Hata wakubwa wanapenda kuingiza puani na masikioni. Hesabu vitu kabla na baada.

• Harage lililoingia puani hufyonza unyevu na kuvimba. Usilichokoe kwa kidole wala kibanio, utalisukuma ndani. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

• Betri ndogo za duara na sumaku ndogo zisitumike kabisa. Zikimezwa zinaweza kuunguza au kutoboa utumbo ndani ya muda mfupi. Mtoto akimeza, kimbilia hospitali hata kama anaonekana mzima.

• Glasi ziwe za plastiki. Kisu cha kumenyea chungwa kibaki mikononi mwa mtu mzima.

• Uliza kuhusu mzio. Mtoto anayewashwa na kitu fulani asipakwe.

Uliza nini unapokwenda kumchukua

Hii ndiyo sehemu yetu wazazi, na haihitaji hata shilingi moja. Badala ya “leo ameandika?”, jaribu maswali haya kwa mwalimu: Leo ameuliza nini? Amegusa nini? Nini kilimshangaza?

Kwa mtoto, usiulize “umejifunza nini?”, atakujibu “sijui”. Uliza “leo mmeona nini?” au “harage lenu limefika wapi?”

Unapotafuta kituo kipya, tazama kama kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii kwa mujibu wa taratibu za Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kisha tazama mikono ya watoto. Wanashika nini saa nne asubuhi? Kuna mahali pa kuchezea mchanga na maji? Televisheni imewashwa kwa muda gani? Walezi wanaongea na watoto, au wanaongea juu ya vichwa vyao?

Kusoma na kuandika kutakuja. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania wenyewe unasisitiza michezo na vitendo. Vidole vinavyomimina maji, kuchambua maharage na kukamua kitambaa ndivyo vitakavyoshika penseli, tena bila kushikwa mkono na mtu.

Na kama mwalimu wa mwanao anajaribu, msemee kwa wazazi wenzako. Kwenye kundi letu la WhatsApp, mzazi mmoja alilalamika kwamba sasa tunalipa ada ili watoto wakachezee maji. Kabla sijajibu, baba mmoja alituma picha ya mtoto wake akinawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa. Mjadala ukaishia hapo, angalau kwa wiki ile.

Daftari jipya

Daftari la mwanangu bado lipo. Kurasa za mwanzo zina zile “a” zilizonyooka. Baada ya hapo kuna duara lenye mkia, kisha duara lenye mkia mrefu, kisha kitu ambacho mwalimu amekiandikia pembeni kwa kalamu ya bluu: “Anasema hili harage limeinama kwa sababu limechoka kusubiri jua.”

Haikuwa rahisi kuyarudisha maswali. Kwa siku kadhaa za mwanzo alikuwa akinitazama kwanza kabla ya kugusa maji, kuona kama nitakasirika. Hilo lilinichoma kuliko kiatu. Ilinibidi niweke beseni chini mimi mwenyewe, nikae sakafuni, nivue kiatu na kumwambia: “Hebu tuone.”

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye daladala usiku, yeye amenikalia mapajani, mwezi unaonekana dirishani. Akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi kwa konda kwa nini mwezi unatufuata.

Nilikuwa nimechoka, na jibu nilikuwa nalo. Nikahesabu hadi kumi.

“Wewe unaonaje?” nikamuuliza.

Alifikiria kituo kizima. Kisha akasema tukishuka tusimame, tuone kama na wenyewe utasimama.

Tukashuka, tukasimama.